Faili Livuke, Mtu Abaki

Kuna maneno ambayo wanafunzi wengi wa Pemba tumeshayasikia kwenye dirisha la ofisi: "Faili lako halionekani, njoo kesho." Kesho ukienda unaambiwa lipo Unguja. Hapo sasa ndo safari inaanza: gari mpaka Mkoani, boti mpaka bandari ya Malindi, ulale kwa jamaa, asubuhi upange foleni ili mtu akufungulie karatasi mbili zilizofungwa kwa uzi. Sisi wa Tibirinzi tuna ofisi za Chake Chake karibu na nyumbani, lakini ukaribu huo unasaidia nini kama karatasi yenyewe iko ng'ambo?

Watu wakisifu ofisi ya kielektroniki hutaja meza safi na pesa za rimu na wino zinazookolewa. Sawa, ni kweli. Ila kwa mtu wa Pemba faida kubwa ni nyengine. Karatasi hukaa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Faili likiwa kwa mkurugenzi, karani hana. Likiwa Unguja, Pemba haina. Faili la kielektroniki hufunguliwa Chake Chake na Unguja dakika ile ile, na hakuna aliyepanda boti. Nauli ile na siku mbili za masomo zinabaki kwa mwanafunzi.

Faida ya pili ni kwamba faili linaacha nyayo. Masjala ya karatasi ina daftari la kuandika faili limekwenda kwa nani. Siku karani akisahau kuandika, basi, faili limepotea humo humo ofisini. Mfumo mzuri huandika wenyewe nani kalifungua, saa ngapi, na limelala kwake siku ngapi. Swali la "faili liko wapi?" linageuka kuwa "nani kalikalia?" Na jamani, tuseme ukweli, wapo wasiopenda swali hilo liulizwe.

Kwa sisi tunaosomea ualimu jambo hili lina uzito wake. Mwalimu huajiriwa akiwa kijana, akahamishwa skuli tatu au nne, akapanda daraja, kisha akastaafu. Anapodai kiinua mgongo anatakiwa aoneshe barua ya ajira na barua za kupandishwa daraja. Karatasi hizo zimeshapitiwa na miaka thelathini na zaidi ya mchwa, unyevu wa masika na ofisi kuhama jengo. Ikikosekana moja, anayehangaika ni mzee wa watu, siyo ofisi iliyoipoteza. Mwalimu yule ni mimi na wewe tukifika huko.

Lakini tusidanganyane. Kuchukua karatasi, kuziskani na kuzirundika kwenye kompyuta si mfumo. Ni kabati lile lile limetiwa umeme. Chukua majina yetu tu. Ukitafuta "Ali Hamad Ali" au "Fatma Juma Khamis" katika orodha ya Pemba, watakuja wangapi? Faili lazima lifungwe kwenye namba isiyofanana na ya mwengine. Zanzibar tunayo tayari: namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Na ofisi ikishaingia kwenye mfumo iache ile tabia ya kukwambia ujaze fomu mtandaoni, kisha uiprinti, uipeleke kwa sheha, urudishe kivuli chake kwa mkono. Hapo umefanya kazi mara mbili.

Jirani zetu Kenya wametupa somo. Aprili 2021 walizindua Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi ulioanzia Nairobi, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya mafaili kupotea masjala. Nia ilikuwa njema, lakini mawakili walilalamika sana jinsi mfumo ulivyosuasua na kazi zilivyokwama. Tukio hilo halinifanyi niseme turudi kwenye karatasi. Linanifundisha kwamba watu hufundishwa kwanza, na kazi huhamishwa hatua kwa hatua.

Wapo watakaosema: umeme je? Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari, tukaachana na kutegemea majenereta ya Wesha. Umeme bado hukatika, ndiyo, na ofisi inahitaji betri za akiba. Ila umeme ukikatika kazi inasimama saa chache; karatasi ikiungua au ikiliwa na mchwa imekwenda moja kwa moja. Nakala ya akiba ikiwekwa kisiwa chengine, hata jengo likiteketea kumbukumbu zinabaki.

Wapo pia wanaohofia karani wa masjala kukosa kazi. Mimi naona huyo ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti cha mafunzo, na pia wa kwanza kuyatoa. Anajua kwa kichwa faili gani liliunganishwa na lipi na kwa nini. Ujuzi huo akistaafu nao, hakuna skana itakayouokoa.

Tanzania Bara wana Mamlaka ya Serikali Mtandao na mfumo wa Ofisi Mtandao, na Zanzibar tunayo eGAZ. Vyombo vipo. Sisi tuanze na tulicho nacho karibu: mafaili ya wanafunzi. Serikali ya wanafunzi iupelekee uongozi wa chuo maombi matatu. La kwanza, kila mwanafunzi aweze kuona barua yake imefika kwa nani na tangu lini. La pili, aliyeko Pemba ahudumiwe Pemba, kwa nyaraka zile zile anazoziona aliyeko Unguja. La tatu, kila anayefungua faili la mwanafunzi jina lake lisajiliwe, maana siri zetu kwenye karatasi husomwa na yeyote anayepita karibu na meza.

Maombi haya yaandikwe, yatiwe tarehe, na majibu yake yachapwe katika toleo lijalo la jarida hili.