Bustani Haingoji Mwezi Uandame

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, malalamiko ni yale yale katika masoko ya Unguja na Pemba: nyanya zimeadimika, vitunguu havishikiki. Viongozi nao huwaasa wafanyabiashara wamche Mungu na wapunguze bei. Nasaha hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini nasaha haioteshi nyanya. Upungufu wa Februari huanzia kwenye kitalu cha Oktoba, na mara nyingi kitalu hicho kiko mbali na visiwa hivi.

Sehemu kubwa ya mboga tunazokula huvuka bahari kutoka Bara, na Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo yanayolisha masoko ya Dar es Salaam, ambako shehena zetu nyingi hupakiwa. Hatuna budi, basi, kuijua kalenda ya mkulima wa huko. Tuchukue mfano wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambao mji wake wa Tunduma unapakana na Zambia.

Sisi visiwani tuna masika na vuli. Songwe ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Juni na Julai ni baridi katika vilima vya Mbozi na Ileje. Kisha joto hupanda hadi Oktoba, na katika mabonde ya Momba, kuelekea Ziwa Rukwa, jua huwa kali zaidi. Kabichi hutaka ubaridi ili ifunge. Nyanya nayo, joto likipita nyuzi 32 hivi, hupukutisha maua. Na mvua ikizidi, ugonjwa wa bakajani huweza kuteketeza shamba kwa siku chache.

Mvua ina msimu wake, lakini Ramadhani huhama, ikirudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2018 ilianza Mei, mvua za Songwe zikiisha. Mwaka 2024 ilianza Machi; na mwaka 2027 inatazamiwa kuanza Februari, katikati ya mvua.

Tufanye hesabu. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, na baada ya kupandikizwa huchukua siku 75 hadi 90 kabla ya kuchumwa. Anayetaka kuvuna mwanzoni mwa Februari lazima amwage mbegu mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa joto na ukavu. Mkulima asiye na maji wala kivuli cha kitalu atangoja mvua ya Novemba. Mavuno yake yatafika mwishoni mwa Machi, Idi ikiwa imepita. Na kwa kuwa wenzake wote walingoja mvua hiyo hiyo, nyanya zitafurika sokoni siku moja na bei itaanguka. Mlaji ameumia, na mkulima ameumia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Sisi tunaongeza kwamba kilimo ni majira. Halmashauri za Songwe zihakikishe kwamba mbegu, dawa na ushauri wa bwana shamba vinamfikia mkulima Septemba, si Desemba. Maji ya vijito yafikishwe kwenye vitalu vya Oktoba. Nyanya za masika zifungwe kwenye miti, zisilale kwenye tope. Vitunguu, ambavyo huvunwa wakati wa ukavu na vikikaushwa vyema huhifadhika kwa miezi kadhaa, vijengewe maghala yenye hewa.

Maofisa wetu wa kilimo na biashara visiwani nao wasikae wakingoja mwezi uandame ndipo waitishe vikao. Watume taarifa Bara mapema: mboga gani, kiasi gani, tarehe gani. Wakulima wetu wenyewe washauriwe vivyo hivyo, kwa mujibu wa vuli yetu.

Kalenda ya Hijria iko wazi kwa kila mtu miaka mingi kabla. Hakuna kiongozi atakayekubalika akisema kwamba Ramadhani imemkuta kwa ghafla.