Chekechea kwa Simu: Tuwahurumie Watoto



Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, baadhi ya chekechea zilianza kufundisha kwa intaneti. Nasi wauguzi tukawa walimu nyumbani. Saa mbili asubuhi tulimkalisha mjukuu wetu wa miaka minne mbele ya simu. Saa nne alikuwa bado hapo, anafikicha macho na kulia, nasi tunamkaripia: "Kaa vizuri, mwalimu anakuona!" Kosa lilikuwa letu, si la mtoto.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni kupita saa 1 kwa siku. Acheze na kukimbia kwa jumla ya saa 3, na alale muda wa saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Basi, mzazi unayemsomesha mtoto kwa njia hii, usiige ratiba ya shule ya wakubwa. Amsikilize mwalimu kwa dakika 20, kisha zima simu. Mpeleke nje atazame mbali, apumzishe macho. Hesabu ajifunze kwa maharage. Herufi aandike mchangani kwa kijiti. Usiku simu ikae mbali na kitanda chake.

Mwalimu akiuliza mtoto yuko wapi, mjibu kwa upole: anacheza, na kucheza ndiyo masomo yake.