Maombezi ya Watakatifu Hayauzwi kwa Simu



Wapendwa waamini, juma lililopita mama mmoja wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hapa Wazo alitujia baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa amepokea katika simu yake ujumbe wenye picha ya Mtakatifu Yuda Tadei. Ujumbe huo ulimwahidi kwamba mwanawe mgonjwa atapona iwapo atausambaza kwa watu kumi na kutuma sadaka ya novena kwenye namba iliyoandikwa chini ya picha, kwa mtu aliyejiita padri. Mama alituma fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya dawa. Mtoto hakupata nafuu, na namba ile haikupokelewa tena. Hakuja kudai fedha zake. Alikuja kutuuliza kama Mungu amemwadhibu, kwa kuwa aliwatumia watu saba tu.

Swali hilo limetunyima usingizi. Watanzania wote tunaujua ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Tunaucheka na kuufuta. Lakini udanganyifu ule ule ukija umevikwa picha ya mtakatifu, tunafanya ishara ya msalaba na kutii. Je, tatizo ni simu, au ni namna tunavyowaelewa watakatifu wasimamizi wetu?

Hatuwezi kuilaumu simu. Kanisa halijavikimbia vyombo vya mawasiliano, bali limeviweka chini ya maombezi ya watakatifu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alimtangaza Malaika Mkuu Gabrieli, aliyempasha habari Bikira Maria, kuwa msimamizi wa mawasiliano ya simu na redio. Papa huyo huyo alimweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, alijaliwa kuona na kusikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa kanisani mbali naye. Na tarehe 7 Septemba 2025, Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15, ambaye alitumia kompyuta kuwaelekeza watu kwenye Ekaristi Takatifu. Hapa nchini, tangu Radio Maria ilipoanza kusikika Songea mwaka 1996, wagonjwa wangapi wamesali Rozari wakiwa vitandani mwao? Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Lakini somo wetu ni nani? Ni ndugu aliyetutangulia, ambaye kwa ushirika wa watakatifu anatuombea kwa Kristo, aliye mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu (1Tim 2:5). Tunamwomba atuombee kama vile tunavyomwomba jirani wa Jumuiya atukumbuke katika sala zake. Jirani mwema hatozi ada kwa sala, wala hakutishi kwamba utapatwa na balaa usipowaambia wengine kumi. Bwana wetu mwenyewe alituonya tusidhani kwamba wingi wa maneno ndio unaotufanya tusikiwe (Mt 6:7). Sembuse wingi wa jumbe? Ujumbe unaotia hofu, unaodai malipo, na unaofunga neema kwenye idadi ya watu, hautoki kwa mtakatifu yeyote, bali ni ushirikina uliovaa rozari.

Kuhusu fedha, tuseme wazi. Sadaka ya Misa ni desturi halali, lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 947, inakataza hata kile kinachofanana tu na biashara. Anayetaka kutoa kwa simu athibitishe kwanza namba katika ofisi ya parokia, na asiye na kitu asione haya: padri anahimizwa kuwaombea maskini katika Misa hata bila sadaka. Tumkumbuke pia Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa forodhani Goma, aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Wenye heri wa namna hii walikataa fedha ili maskini waishi. Ni kufuru kutumia sura za watakatifu kuwanyang’anya maskini fedha za dawa.

Hata hivyo, wapendwa, tusimnyoshee kidole tapeli peke yake. Mama yule alikuwa ametutaarifu juu ya ugonjwa wa mwanawe majuma mawili kabla. Nasi tulimjibu kwa ujumbe wenye picha ya mshumaa na maneno “tunawaombea”, kisha tukaendelea na vikao vyetu. Hatukufika nyumbani kwake. Wanajumuiya wenzake nao walituma picha za mikono iliyofumbatwa. Simu yake ilijaa sala, nyumba yake ikabaki bila mgeni, na katika upweke huo ndipo mwongo alipopata nafasi. Kanisa lilisema mwaka 2002, katika hati yake juu ya intaneti, kwamba hakuna sakramenti kwa njia ya mtandao. Mafuta ya wagonjwa yanahitaji mkono wa padri, na faraja inahitaji mtu wa kuketi mkekani.

Tulimwambia mama kwamba Mungu hahesabu jumbe, na kwamba hakuadhibiwa. Kisha tulikwenda naye nyumbani, tukasali na mtoto, na Jumuiya imechanga fedha za dawa. Juma hili tunaomba kila Jumuiya ifute ujumbe mmoja wa vitisho, na imtembelee mgonjwa mmoja ambaye hadi sasa imekuwa ikimwandikia tu.

Mtakatifu Gabrieli, Malaika Mkuu, utuombee.