Gari kuukuu Bodo: Bei ya kununua ni ndogo, mzigo uko mbele

UAMUZI wa serikali mnamo 2023 wa kupandisha ushuru wa forodha wa magari yaliyotumika kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35 ulijadiliwa sana Nairobi na katika yadi za magari mjini Mombasa. Huko Bodo, kijiji cha wavuvi kusini mwa Msambweni ambako mashua huvuka kuelekea kisiwa cha Funzi, ni wachache ambao wangedhani jambo hilo linawahusu. Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japan akiwa Bodo ni nadra kupatikana.

Hata hivyo, linawahusu sana. Magari yanapopanda bei bandarini, yale makuukuu ambayo tayari yako barabarani hayatupwi. Hukarabatiwa, hupakwa rangi na kuuzwa tena, na kila yanapouzwa hushuka ngazi moja: kutoka kwa mfanyakazi wa ofisi hadi kwa mwenye teksi, kutoka kwa mwenye teksi hadi kwa mchuuzi, na mwishowe hadi kwa mkazi wa kijijini mwenye akiba kidogo na matumaini makubwa. Ngazi hiyo ya mwisho ndiyo inayoitwa mradi.

Hesabu ya bandarini si ngumu. Tuseme Mamlaka ya Ushuru (KRA) imelithamini gari dogo, lenye injini isiyozidi sisi 1,500, kuwa la Sh500,000. Ushuru wa forodha ni Sh175,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hautozwi kwa zile Sh500,000 za mwanzo, bali kwa jumla ya Sh675,000, nao ni Sh135,000. Kisha ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16 hutozwa kwa jumla mpya ya Sh810,000, nao ni Sh129,600. Kodi hizo tatu pekee zinafika Sh439,600 kabla ya ada nyingine za uagizaji, gharama za bandarini na faida ya mwenye yadi. Mnunuzi analipia gari moja na karibu gari la pili.

Aidha, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Mwaka wa 2026, linalokubaliwa ni lile lililosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2019 au baadaye. Lengo lilikuwa kuzuia nchi kugeuzwa jaa la magari mabovu ya mataifa tajiri, na ni lengo lenye mantiki. Lakini kanuni hiyo hulinda lango tu. Gari likishaingia na kusajiliwa, hakuna umri ambao linaambiwa sasa basi. Ndiyo maana mtu anayekatazwa kuagiza gari la miaka tisa anaweza, bila kuvunja sheria yoyote, kununua la miaka 25 kutoka kwa jirani.

Suala hili lina uzito wa pekee Kwale kwa wakati huu. Kampuni ya Base Titanium ilikamilisha uchimbaji wa madini katika kaunti hiyo Desemba 2024, baada ya takriban miaka 11 ya uzalishaji, na pamoja nao zikaondoka ajira zilizokuwa zikileta mshahara wa kila mwezi. Anayepoteza kazi na kupewa malipo ya mkupuo hujikuta akitafuta kitu cha kuzigeuza fedha hizo kuwa riziki kabla hazijaliwa. Gari la bei nafuu, lililotembea kilomita 300,000 na zaidi, huonekana jibu: litabeba samaki kutoka Bodo hadi Ukunda, litabeba mchanga na mabati ya watu wanaojenga, na usiku litapeleka mgonjwa hospitali ya Msambweni.

Je, ni jibu kweli? Huenda likawa, lakini si kwa sababu ambazo wanunuzi wengi huzitazama.

Jambo la kwanza analouliza mnunuzi ni kilomita. Anachungulia mita kwenye dashibodi, na akiona tarakimu ndogo hufurahi. Furaha hiyo mara nyingi haina msingi. Hati ya umiliki, yaani logbuku, humweleza mwenye gari ni nani, mwaka wa kutengenezwa, na namba za injini na chesisi. Haimwelezi gari limekwenda umbali gani. Mita yenyewe huweza kurudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye kifaa na asiye na haya. Gari la teksi linalokimbia kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, humaliza kilomita 36,000 kila mwaka. Katika miaka minane na ushei limekwisha kupita 300,000. Kwa hiyo gari la miaka 15 lililofanya kazi kila siku, kisha mita yake ikasoma 90,000, linapaswa kumtia mnunuzi shaka zaidi kuliko lile linalokiri 350,000.

Watu wa pwani wangepaswa kulielewa jambo hili kuliko wa bara. Mnunuzi wa mashua kuukuu hamuulizi nahodha amekwenda Pemba mara ngapi. Huingia chini ya chombo kikiwa kimepwelewa, akagonga mkuku, akatazama mataruma, akachokoa kalafati kwa kisu. Chombo chenye mkuku mzima hutengenezeka hata kama mbao zake nusu zimeoza, na chenye mkuku uliooza hakifai hata kama kimepakwa sifa mpya jana. Mtu huyo huyo akienda kununua gari hutazama rangi na kusikiliza redio.

Mkuku wa gari la pwani ni chuma cha chini, na adui yake ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba hadi uani, nalo gari linaloegeshwa karibu na ufuo au kupitishwa kwenye maji ya bahari likibeba samaki huliwa kutoka ndani kwenda nje. Injini iliyochoka hufunguliwa na kutengenezwa au kubadilishwa kwa nyingine ya mtumba, na kazi hiyo mafundi wa Ukunda na Likoni wanaiweza. Sakafu iliyooza, pamoja na mahali ambapo shokabsoba na vyuma vya magurudumu vimeshikwa, ni habari nyingine. Huwekwa kiraka cha bati, kikachomelewa na kupakwa lami nyeusi ili mnunuzi asione, na baada ya msimu mmoja wa mvua kutu hutokea kando ya kiraka. Lami mbichi chini ya gari kuukuu ni dalili ya kuondoka pale, isipokuwa mwenye gari awe na maelezo ya kuridhisha.

Kuna adui wa pili asiyezungumziwa sana, nayo ni maji ya radieta. Mengi ya maji ya visima vya ukanda huu yana chumvi. Dereva akiyamimina kila asubuhi kwa sababu hayana gharama, huota magadi na kutu ndani ya mifereji ya injini, joto hupanda, gasketi ya kichwa huungua, na kichwa chenyewe hupinda. Injini nyingi zinazosemekana zimekufa kwa uzee zimeuawa kwa maji.

Kwamba kilomita nyingi peke yake si hukumu ya kifo kuna ushahidi mashuhuri. Irv Gordon, mwalimu wa New York nchini Marekani, alinunua Volvo P1800S mwaka wa 1966 na kufikia 2013 alikuwa ameiendesha zaidi ya maili milioni tatu, yaani karibu kilomita milioni tano. Hapakuwa na muujiza: mmiliki alikuwa mmoja, na mafuta ya injini yalibadilishwa kwa wakati.

Na kabla ya hapo, Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake. Mwaka wa 1965 marehemu Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda mashindano ya Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindanishwa na timu ya kiwanda, na kupigika, kabla Joginder hajainunua. Yeye hakuwa dereva tu bali fundi, na alijua kila nati ya gari lile.

Hapo ndipo mfano huo unapowaponyoka wengi. Aliyefaulu kwa gari kuukuu alikuwa na ufundi mikononi mwake. Mnunuzi wa Bodo asiyeujua ufundi huununua kwa kila saa ya kazi, na mara nyingine hununua makosa pia, kwani fundi wa jua kali hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi apate kilichoharibika, huku mwenye gari akilipia vyote.

Kwa hivyo hesabu ya mradi inafaa kuanzia mwisho. Mwenye Sh300,000 akinunua gari la Sh270,000 hana gari. Ana bodi na deni linalomsubiri. Matairi, breki, betri, bima na uhamishaji wa umiliki vitazimaliza zile Sh30,000 kabla ya gari kubeba tenga la kwanza la samaki. Akinunua la Sh160,000 lenye sura mbaya lakini chuma kizima, na kuziweka Sh140,000 zilizobaki kwa ajili ya matengenezo, ana nafasi. Kadiri gari linavyokuwa la bei ya chini, ndivyo akiba inavyopaswa kuwa kubwa likilinganishwa na bei. Wengi hufanya kinyume.

Uchaguzi wa aina ya gari una uzito kuliko mwaka wake. Toyota Probox, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka wa 2002, haipendezi machoni, lakini vipuri vyake hupatikana kila mji mdogo na injini zake nyingi hutumia mnyororo badala ya mkanda unaohitaji kubadilishwa. Gari la fahari la Ulaya lenye bei ile ile huuzwa rahisi kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulirekebisha. Muuzaji anaposema limebakia kifaa kimoja tu, swali la kumuuliza ni kwa nini hakukinunua.

Karatasi nazo zina mitego. Logbuku inaweza kuwa na jina la benki iliyokopesha, au la mtu aliyeuza miaka sita iliyopita na hajulikani aliko. Umiliki siku hizi huhamishwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen chini ya Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), na bila muuzaji aliyesajiliwa kukubali, uhamisho haukamiliki. Makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya wazee yana heshima yake, lakini hayambadilishi mwenye gari machoni pa sheria.

Zito zaidi ni bima. Gari la kibinafsi lenye bima ya kibinafsi halikusudiwi kubeba abiria wa kulipa. Vijijini hufanyika, tena mara nyingine kwa huruma, kwani ni nani atamkataa mama mjamzito saa nane za usiku akitoa nauli? Lakini likipinduka kwenye barabara ya vumbi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa fidia, na mradi wa familia moja unageuka msiba wa familia mbili.

Serikali kwa upande wake imekuwa ikilitazama gari kuukuu kwa jicho la mtoza ushuru. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000. Pendekezo hilo liliondolewa Juni mwaka huo kabla ya mswada wote kutupwa kufuatia maandamano ya vijana, na kwa hiyo undani wake haukujadiliwa vya kutosha. Mwenye gari la Sh100,000 angelipa Sh5,000, yaani asilimia tano. Mwenye gari la Sh10 milioni angelipa Sh100,000, yaani asilimia moja. Mzigo ungemlemea zaidi yule mwenye gari bovu kuliko yule mwenye gari la kifahari.

Kodi hiyo haikupita, lakini nyingine zimepita kimyakimya. VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia nane hadi 16 mnamo Julai 2023, na ushuru wa matengenezo ya barabara ukapanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka wa 2024. Injini iliyochoka hunywa petroli zaidi kwa kila kilomita, hivyo mwenye gari kuukuu hulipa ushuru huo zaidi ya mwenye gari jipya wanaopita naye barabara moja, na kutoka Bodo sehemu ya kwanza ya barabara hiyo haina lami.

Sasa kuna suala la ukaguzi. Rasimu ya kanuni iliyotolewa mwaka wa 2025 ilipendekeza kuwa magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne tangu kutengenezwa yakaguliwe kila mwaka. Kwa usalama, ni pendekezo gumu kupinga. Breki mbovu haziulizi umaskini wa dereva. Ila ukaguzi unaomlazimu mtu wa Bodo kupoteza siku nzima na petroli ya kwenda Mombasa na kurudi utawafanya wengi wakwepe barabara kuu na kubaki vichochoroni na magari yale yale. Ukaguzi ukiletwa karibu, Msambweni au Ukunda, na ukaandika kwenye rekodi ya gari kilomita zilizosomwa siku hiyo, mnunuzi wa baadaye angekuwa na historia ya kutazama badala ya neno la muuzaji. Kazi hiyo ingegharimu serikali mstari mmoja zaidi kwenye fomu.