Mali bila daftari: sheria mpya za bajeti zitamsaidia nani?

Ami yangu ni seremala. Karakana yake iko uani, chini ya mwembe, na tangu nikiwa mdogo namkumbuka na penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye ndevu. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi ya kaunti moja hapa kwetu Pwani, kutengeneza madawati ya watoto wa chekechea. Akapewa LPO yenye muhuri. Akakopa mbao, akaajiri vijana wanne, na fungu lake katika mashua aliyomiliki na mwenzake akaliuza ili apate mtaji. Madawati yakamalizika, yakapelekwa, akatiliwa saini kwamba yamepokelewa. Watoto wanayakalia hadi leo. Pesa hajaziona.

Kila akienda ofisini jawabu ni moja: "Mzee, rudi wiki ijayo, Nairobi hawajatuma." Muuzaji mbao naye humpigia simu kila Ijumaa. Wale vijana wanne wametawanyika, mmoja anaendesha bodaboda, wengine sijui waliko.

Naanza na ami kwa sababu siku hizi mjadala wa bajeti umejaa trilioni na asilimia hata mtu wa kawaida akaona si mambo yake. Tangu vijana waingie barabarani Juni 2024, Mombasa wakiwemo, hadi Rais William Ruto akauondoa Mswada wa Fedha wa mwaka huo, kila mwanasiasa amekuwa na dawa yake ya kutibu matumizi ya serikali. Kuna wanaotaka sheria ya malipo kwa wakati, kuna wanaotaka zabuni zote zipitie mtandaoni, kuna wanaotaka sheria ya kushirikisha umma. Mimi nazipima kwa kipimo kimoja tu: je, sheria hiyo ingekuwapo, ami angekuwa ameshalipwa?

Kwanza tukubaliane kwamba hatukosi sheria. Katiba ya 2010 ina sura nzima ya fedha za umma, ya kumi na mbili. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 228 kimeunda ofisi ya Msimamizi wa Bajeti, na bila idhini yake hakuna senti inayotoka kwenye mfuko wa taifa wala wa kaunti. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita baada ya mwaka wa kifedha kumalizika kutoa ripoti, kisha bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kifungu cha 226 kinasema wazi kwamba afisa anayeidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria atabeba hasara hiyo yeye mwenyewe, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka.

Basi ikiwa yote haya yameandikwa, ami amekwama wapi?

Amekwama, kwanza, katika makadirio ya kupamba. Nieleze kwa mfano wa kubuni. Tuseme kaunti inajua kwamba kodi zake za ndani, yaani leseni, maegesho, ada za ardhi na soko, huleta bilioni moja na nusu kwa mwaka. Ikikaa kuandika bajeti inaandika bilioni tatu. Kwenye karatasi mapato na matumizi yanalingana, sheria imetimizwa, na kila mwakilishi wadi ameona barabara yake imo. Kisha kandarasi zinatiwa saini kwa bilioni zote tatu. Mwaka ukiisha imekusanywa ile ile moja na nusu ya kila siku. Ile nusu iliyokosekana haikuwapo tangu mwanzo, lakini kazi imeshafanywa na mtu ameshakopa mbao. Hapo ndipo deni la ami lilipozaliwa, siku bajeti ilipopitishwa, kabla hata hajaguswa msumeno.

Dawa yake ni kifungu kifupi cha sheria: kaunti isiruhusiwe kukadiria mapato yake ya ndani zaidi ya wastani wa ilichokusanya kweli katika miaka mitatu iliyopita, ila kwa sababu iliyoandikwa na kuthibitishwa. Hakuna gavana atakayefurahi, maana wadi nyingine zitakosa jina kwenye kitabu. Lakini afadhali ahadi chache zinazotimia.

Pili, amekwama katika daftari lenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Serikali yetu ina madaftari tele, ila kwa miaka mingi yameandikwa kwa mtindo wa taslimu: pesa ikitoka ndiyo matumizi, isipotoka hakuna kitu. Kwa mtindo huo madawati ya ami yameingia shuleni lakini deni lake halionekani kwenye hesabu kuu, linakaa kwenye orodha ya pembeni inayoweza kupunguzwa, kuongezwa au kupotea. Mwaka 2024 Serikali Kuu ilianza kuhamia mfumo unaoandika deni siku linapozaliwa, na umepewa miaka mitatu ya mpito. Hili halikupigiwa makofi na mtu, lakini kwangu mimi lina uzito kuliko hotuba nyingi. Deni likishaandikwa kwenye hesabu kuu, gavana anayeondoka hawezi kulificha na anayeingia hawezi kusema halijui.

Tatu ni foleni ya malipo. Seneti ilipata kuwa na Mswada wa Malipo kwa Wakati mwaka 2021, na msingi wake ulikuwa rahisi: serikali iwe na siku ya mwisho ya kumlipa aliyeiuzia bidhaa, ikichelewa iongeze riba. Naunga mkono wazo hilo, lakini nina shaka na riba peke yake. Riba hiyo atailipa nani? Ni mimi na wewe, mlipa kodi. Afisa aliyechelewesha atapokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida. Sheria ikitaka kuuma, iseme deni lililohakikiwa lilipwe kwa zamu ya tarehe, la zamani mbele, na orodha ya zamu hiyo ibandikwe hadharani. Ugonjwa wetu haswa uko hapo. Ami anaamini, nami naamini, kwamba kuna waliofanya kazi baada yake na wakalipwa kabla yake. Foleni isiyoonekana ndiyo inayouzwa.

Hapa sina budi kuwatendea haki magavana. Wanaposema "Nairobi hawajatuma", si uongo kila mara. Kifungu cha 219 kinataka mgao wa kaunti upelekwe bila kuchelewa na bila kukatwa, na tumeshuhudia kaunti zikikaa miezi bila fedha. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa, mgao wa kaunti ulioidhinishwa kuwa bilioni 400 ulishushwa hadi bilioni 387, mwaka wa kifedha ukiwa tayari umeanza. Mwaka uliofuata ukapanda kufika bilioni 415. Mtu aliyepanga kwa bilioni 400 atafanyaje? Kwa hivyo sheria inayomfunga gavana bila kuifunga Hazina ya Taifa itakuwa ya upande mmoja. Tarehe za kutuma mgao ziwe na adhabu kama zitakavyokuwa tarehe za kumlipa seremala.

Nne, kuna mlango wa nyuma. Kifungu cha 223 kinaruhusu Serikali Kuu kutumia fedha ambazo bunge halijaidhinisha, hadi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa, kisha ije kuomba baraka ndani ya miezi miwili. Kaunti nazo zina mlango wao kama huo katika sheria ya 2012. Nia yake ilikuwa dharura: mafuriko, njaa, maradhi ya mlipuko. Lakini mapema mwaka 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliwaambia wabunge kwamba alishinikizwa kuidhinisha takriban bilioni 15 kupitia mlango huu siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Tuliozoea kusema "tuunde ofisi huru" tujiulize: ofisi ilikuwapo, Katiba ilikuwapo, na bado simu ilipigwa. Marekebisho yanayofaa hapa ni kutaja kwa majina mambo yanayohesabiwa kuwa dharura, na kila maombi ya aina hiyo yatangazwe kwa umma siku ile ile yanapopokelewa. Shinikizo hupenda giza.

Na zile zabuni za mtandaoni? Hazina ilitaka ununuzi wote wa serikali uhamie huko kuanzia Julai 2025, magavana wakapinga, na mvutano ukafika mahakamani. Mimi naona mfumo ule utasaidia kuonyesha nani alipewa kazi na kwa bei gani. Ami, lakini, hakukosa zabuni. Alikosa malipo. Na ziko karakana ngapi za uani, kina mama wangapi wa kupika chakula cha mikutano, wasio na kompyuta wala wa kuwasaidia? Mfumo huo usipokuja na dawati la msaada katika kila kaunti ndogo, utawafungia nje wadogo na kuwaachia wakubwa wenye ofisi mjini.

La mwisho ndilo linalotuhusu sisi wasomaji wa ukurasa huu. Nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya bajeti katika ukumbi mmoja, kaunti siitaji. Tuliketi, tukapewa maji na soda, na kitabu kinene cha Kiingereza tulichokiona siku ile ile kwa mara ya kwanza. Mama mmoja mtu mzima, amejitanda leso, akanyanyua mkono akauliza: "Mwanangu, zahanati yetu iko ukurasa wa ngapi?" Afisa akafungua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Hakuipata. Si kwamba alikuwa mjinga. Kitabu kimepangwa kwa programu na vijiprogramu, si kwa vijiji. Pengine zahanati imo, pengine haimo, na yeye mwenyewe hawezi kujua. Tukapigwa picha, tukatia saini karatasi ya mahudhurio, na ile karatasi ndiyo ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Mswada wa kushirikisha umma umefikishwa bungeni zaidi ya mara moja tangu Katiba ipite. Ukirudi tena, natamani uwe na mambo mawili tu. Kitabu kitolewe wiki mbili kabla ya kikao, pamoja na muhtasari wa kila wadi: mradi gani, wapi, kiasi gani, na ule wa mwaka jana ulifika wapi. Na muhtasari huo uandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hatuombi fadhila. Yule mama anaijua hesabu ya sukari na unga kuliko wengi waliokaa meza kuu ile. Ukimwandikia kwa lugha yake atakukagua vizuri.

Wakati tukisubiri bunge, kuna tunayoweza kufanya kwa sheria zilizopo. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Wengi wetu huamka Juni, wali umeshaiva na sinia limeshagawanywa. Anayetaka zahanati yake iingie ukurasani aanze Agosti. Pia ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21.

Nimemwandikia ami barua hiyo wiki iliyopita, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tumeuliza mambo matatu: je, deni hili limo kwenye orodha ya madeni yaliyohakikiwa? Liko nambari ya ngapi? Na tangu tarehe ya hati ya kupokea madawati, ni nani waliolipwa kwa kazi zilizofanywa baada yake? Amekwenda kuipeleka mwenyewe, akagongewa muhuri kwenye nakala, akaikunja akaitia mfukoni mwa kanzu.

Sijui kama watajibu. Najua kwamba sheria yoyote mpya itakayopitishwa Nairobi, iwe na jina zuri kiasi gani, itapimwa na barua kama ile. Dawa ya deni ni kulipa. Serikali inayotutaka tulipe kodi kwa tarehe nayo iwe na tarehe yake.