Aplikasioni ya Vyumba: Pesa ya Mugeni Inalala Kwa Nani?

Wandugu vijana wa Kalemie,

Siku hizi kila mwenye amemaliza iniversite na hana kazi iko na wazo moja: "Tutengeneze Airbnb yetu." Tunaielewa hiyo hamu. Wageni wanakuja, vyumba viko, telefone ziko. Picha, bei, kitufe cha kulipa, wiki mbili kazi imeisha. Haiko hivyo.

Tupige hesabu. Booking.com inakata mwenye hoteli karibu 15%. Chumba cha dola 30, usiku tatu, ni dola 90. Komisheni ni dola 13,50. Humo munatoa makato ya M-Pesa ao Airtel Money, malipo ya seva, na mutu wa kujibu simu saa sita ya usiku. Mugeni akibadilisha mawazo, munamurudishia 90 yake, na makato ya kutuma munayalipa tena. Hapo mumefanya kazi bure.

Na nyuma ya zile picha njo kuna kazi yenyewe. Wageni wawili wanabonyeza chumba kimoja kwa sekunde moja: nani anakipata? Na kama mutu wa mapokezi amekwisha kukiandikia mwingine kwa daftari, juu umeme ulikatika tangu asubuhi? Boti ya Uvira inachelewa siku nzima juu ya upepo wa ziwa: ule mugeni amekosa kuja, ao iko njiani? Aplikasioni ya San Francisco haijui boti. Sisi tunazijua, na pale tu njo tunaweza kuwapita.

Lakini jambo zito ni pesa. Airbnb, tangu ilipoanza mwaka 2008, imekuwa kampuni kubwa kwa kuaminiwa: inalipisha mugeni mbele, inashika pesa, na inamutumia mwenye nyumba saa 24 hivi nyuma ya mugeni kuingia. Hapa kwetu kushika pesa ya mutu tunakujua. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi tatu. Wangapi kati yetu wanaombwa zaidi, na siku ya kutoka kurudishiwa ni vita?

Basi wenye mumeanza, muandike wazi, mbele hata ya picha: pesa ya mugeni inalala kwa konti gani, mbali na ile yenu ya kula, na chumba kikikosekana anarudishiwa kwa siku ngapi.