Chujio la Barua

Msomaji, nina ugomvi na neno moja dogo, nami nakuomba uwe mwamuzi kati yangu na wale wanaolitumia. Neno lenyewe ni "tu". Nililisikia Jumatatu moja asubuhi kinywani mwa fundi wa kompyuta, kijana mwenye adabu na ujuzi, aliyekuja kunipasha habari kwamba mfumo wa kompyuta katika ofisi ndogo ninamofanyia kazi ulikuwa umebadilishwa siku ya Jumamosi, wa kale ukaondolewa na mpya ukawekwa mahali pake. Nilifungua barua pepe zangu nikaona mambo yamevurugika. Nikamwuliza ziko wapi kanuni zangu za kuchujia barua. Alitazama, akabonyeza hapa na pale, kisha akasema, "Zimepotea, Mwalimu. Lakini ni kanuni tu. Utaandika nyingine."

Yamkini wewe hujapata kuandika kanuni ya namna hiyo, kwa hiyo ni haki yako kuelezwa kabla hujatoa hukumu. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao ilipelekwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson wa Marekani. Wakati huo walioweza kuandikiana kwa njia hiyo walikuwa wachache, na hapana aliyehitaji chujio. Mwaka 1978, mwuzaji wa kompyuta aliyeitwa Gary Thuerk alipeleka tangazo moja la biashara kwa mamia ya watu ambao hawakuliomba, nao wakachukia sana. Chuki yao haikufaa kitu, kwa maana mlango ulikwisha kufunguliwa. Leo barua ya mtu mwenye shida huingia kwa mlango mmoja na tangazo la viatu, taarifa ya mkutano ulioahirishwa, na uongo wa mlaghai anayedai kuwa umeshinda gari.

Kanuni ya kuchuja ni agizo ambalo mwenye barua huliandika ili mashine imsaidie. Barua ikitoka kwa fulani, au ikiwa na neno fulani katika kichwa chake, iwekwe katika jalada fulani. Ikiwa ya namna hii, itiwe alama. Ikiwa ya namna ile, iondolewe mbele ya macho yangu. Mwanamke anayepeta mchele hufanya kazi hiyo hiyo kwa mikono: makapi huruka, chuya huokotwa, mchele hubaki katika ungo. Si ajabu kwamba lugha moja ya kuandikia kanuni hizi, iliyotangazwa kuwa kipimo cha wote mwaka 2001, iliitwa Sieve, yaani chekecheke.

Mimi nilikuwa na kanuni 31. Sikuziandika kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Karibu kila moja ilizaliwa na kosa, na kosa ndilo lililonifundisha kuiandika. Mwalimu mkuu mmoja alipenda kuandika neno "karo" kwa herufi kubwa, mwingine aliandika "ada", wa tatu hakuandika kichwa cha barua kabisa. Basi kanuni moja ikawa tatu. Mzazi mmoja alituma barua kwa anwani ya binamu yake, ikanipita. Nikaongeza kanuni ya nne. Ukizisoma kanuni zile kwa mfululizo ungeona ndani yake akili ya miaka sita ya kazi, kama vile mtu aonavyo katika viraka vya tanga la jahazi kila dhoruba iliyolipiga. Hiyo ndiyo mali ambayo fundi aliiita "kanuni tu".

Sasa sikiliza lililotokea. Kazi yangu ni ukatibu wa kamati ndogo inayowasaidia kwa karo wanafunzi wasio na uwezo katika wilaya yetu. Katika majuma matatu yaliyofuata mabadiliko yale, barua zote zilimwagika katika kasha moja, njema kwa mbaya. Bibi mmoja mzee alikuwa amemwomba kijana wa duka la intaneti amwandikie barua kwa ajili ya mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyerudishwa nyumbani kwa deni la karo. Barua ilifika siku ile ile. Ilikaa chini ya matangazo na taarifa zaidi ya 400, nami nilikuwa nikizipekua usiku, macho yakiwa yamechoka. Nilipoifikia, kamati ilikuwa imekwisha kukaa na fedha za muhula zimekwisha kugawanywa. Mvulana yule alikaa nyumbani mpaka muhula uliofuata. Sisemi kwamba fundi alimfukuza shule. Nasema kwamba barua yake ilikuwa na mlinzi mlangoni, mlinzi akaondolewa bila ya mwenye nyumba kuulizwa, na aliyemwondoa akalala usingizi mwema.

Wapinzani wangu wana majibu, na haki yao ni kusikilizwa. Wa kwanza husema kwamba kuchuja barua kwa kanuni za mkono ni ukale, kwa kuwa mashine za siku hizi hujipangia zenyewe. Ni kweli zimejifunza mengi. Tangu mwaka 2002, Paul Graham alipoandika jinsi hesabu ya uwezekano inavyoweza kuitambua barua taka kwa maneno yake, uchujaji wa aina hiyo umeenea, nao umetuepusha na taka nyingi. Mwaka 2013 Gmail ilianza kuwagawia watu barua zao katika mafungu: za watu huku, za matangazo kule. Lakini, msomaji, angalia tofauti. Mashine hukisia kwa kutazama barua za watu wengi. Kanuni yangu hutii neno la mtu mmoja ambaye kazi hii ni amana yake. Barua ya bibi yule ilitoka kwa anwani ya duka la intaneti, haikuwa na salamu nzuri, na anwani hiyo ilikuwa imeniandikia siku zilizotangulia kutangaza bei za kuchapisha. Kwa makisio ya mashine ilifanana na tangazo. Kanuni yangu ingalipo, neno "karo" lingalitosha.

Wa pili husema, "Tafuta. Andika neno katika nafasi ya kutafutia, barua itatokea." Huyu husahau kwamba mtu hutafuta kile anachojua kuwa kipo. Nani angeniambia nimtafute bibi ambaye sikupata kumsikia?

Wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi, maana ana sehemu ya ukweli. Husema, "Kosa ni lako. Kwa nini hukuweka nakala?" Nakubali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa na mali bila daftari. Kanuni za barua zinaweza kukaa mahali pawili. Zikikaa kwenye seva, yaani mashine kuu inayozihifadhi barua zenyewe, hazidhuriki kompyuta ya mezani inapobadilishwa. Zikikaa katika kompyuta ya mezani, huwa katika faili ndogo ambayo watumiaji wengi hawajaiona hata siku moja. Programu ya Thunderbird, kwa mfano, huziandika katika faili iitwayo msgFilterRules.dat, moja kwa kila akaunti. Gmail humruhusu mwenye kanuni kuzitoa zote katika faili moja na kuzirudisha baadaye. Ni kazi ya dakika chache, nami kwa miaka sita sikuifanya. Hata hivyo uzembe wangu haumtakasi mwingine. Mtu akija kukupakia rangi nyumba na kukitupa kitanda chako, kosa lako la kutofunga chumba halikifanyi kitanda kuwa takataka.

Tena wanaosema "zimepotea" mara nyingi hawajatafuta. Mfumo mpya ukiingia, huenda programu ikafungua jalada jipya tupu na kuliacha la zamani palepale, kama mpangaji aliyehama na kusahau daftari katika kabati la nyumba ya kwanza. Ndiyo maana, likikupata jambo hili, usiharakishe kuandika upya wala kuiweka programu mara ya pili. Ifunge kwanza, litafute jalada la zamani, nakili faili ya kanuni uilete katika jalada jipya, kisha fungua. Zikirudi, usifurahi upesi. Kanuni inaweza kuwapo na isifanye kazi, kwa sababu jalada ililoamriwa kupelekea barua limebadilika jina au halipo tena. Tazama pia mpangilio wake, kwa kuwa mashine huzisoma kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kufuta ikitangulia ile ya kuhifadhi, barua njema itafutwa kabla haijaulizwa jina. Mwisho jitumie barua moja ya majaribio kwa kila kanuni. Kisha ziamrishe zipite juu ya barua zilizokwisha kuingia, maana kwa kawaida kanuni hushughulika na zinazokuja na kuziacha zilizolala.

Kwangu mimi hapakuwa na jalada la zamani. Diski ilikuwa imefutwa yote, na aliyeifuta hakuuliza neno. Nilikaa siku nne nikiandika kwa kumbukumbu. Nilipata kanuni 19, na mbili kati ya hizo nilizikosea nikazirekebisha baada ya kupotewa na barua nyingine, si za maana kubwa. Kumi na mbili sikuzikumbuka. Kati yake labda kulikuwa na zilizochakaa. Sina njia ya kujua, nalo ndilo linalonikera.

Simdai fundi dhahabu. Namdai swali moja kabla ya kuugusa mfumo wa mtu: "Una kitu gani hapa ulichokitengeneza mwenyewe?" Daktari huuliza kabla ya kupasua, na mwashi huuliza kabla ya kubomoa ukuta. Mabadiliko ya mfumo ni mema, na pengine ni ya lazima, kwa kuwa programu isiyobadilishwa huwafungulia wezi mlango. Lakini mwenye kubadilisha akiona kwamba vyake pekee ndivyo mfumo na vya mtumiaji ni uchafu wa kufagiwa, basi amechukua kazi ya mtumishi akavaa kilemba cha mwenye nyumba.

Juma lililopita fundi yule yule alikuja tena. Alisema kuna toleo jipya zaidi, na kwamba litawekwa likizo itakapoanza. Nilimkaribisha chai, nikamwuliza faili ya kanuni zangu itakaa wapi siku hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nitauliza, Mwalimu." Nimekwisha kutoa nakala mbili, moja katika kifaa cha mfukoni na nyingine kwa wino katika daftari. Jibu lake bado nalingoja.